Mshambuliaji Mwenye Meno Sita

3 Oktoba, Chiungutwa

Zabibu ameichukua kalamu hii sasa hivi nilipogeuka kukoroga uji, ameinyonya mpaka ulimi umekuwa wa bluu, halafu akanicheka mimi, kama vile mwenye ulimi wa bluu ni mimi. Nimemfuta kwa ncha ya kanga. Amelia kidogo, ameacha, sasa anapiga sufuria kwa mwiko. Juzi ametimiza mwaka. Meno manne. Baba yake, Hamudi, anasema mtoto anayependa kalamu atakuwa daktari. Mimi nasema kwanza aache kuila.

Jana kliniki walikuja watu wa utafiti. Msemaji wao kijana wa chuo kikuu, Reginald, amevaa viatu vyeupe. Viatu vyeupe, Chiungutwa, kwenye vumbi hili! Nikajua huyu hajamuuliza mtu yeyote habari za huku kabla ya kuja.

Lakini alichosema nilikipenda, siwezi kudanganya. Kadi za karatasi za watoto basi. Taarifa zitakaa kwenye mnyororo wa vitalu, yaani kwenye mashine, kila neno limefungwa kwenye neno lililotangulia kama pete za mnyororo. Hakuna wa kufuta, hakuna wa kughushi.

Jirani yangu Pili akanyoosha mkono. "Na panya je?"

"Panya?"

"Kadi yangu ya mtoto wa kwanza waliila panya. Huko kwenye mnyororo wapo?"

"Hakuna panya, mama."

"Basi mie nimekubali."

Tukacheka. Reginald akaendelea kusema kwamba huku Masasi kuna mnyororo wake na Newala kuna wake, uliotengenezwa na wataalamu wengine, na hii miwili haijuani lugha. Utafiti wake yeye ni kutengeneza kivuko cha kupitisha habari za mtoto kutoka mnyororo huu kwenda ule, mwizi asiingie katikati. Dunia nzima, anasema, wezi huvizia pale kwenye kuvuka. Mimi kila msimu wa korosho napanda Newala kwa mama yangu. Nikajiona ni mimi hasa niliyekuwa nikisubiriwa na sayansi.

Halafu wakakusanya kadi zetu kwenye boksi, eti tusirudie mazoea. Yangu niliing'ang'ania. Ina maandishi ya wino mwekundu. Mwezi wa sita walimchoma Zabibu sindano, kabla sijafika getini uso ulivimba, pumzi ikawa inapita kama kwenye tundu la sindano yenyewe. Sista Perpetua, muuguzi wetu, alinipokonya mtoto akakimbia naye ndani. Akapona. Ndipo akaandika kwa nyekundu dawa asiyotakiwa kupewa tena.

Jana huyo huyo Perpetua, mdomo wake kama upupu, amevaa fulana mpya ya mradi juu ya sare, akaivuta kadi.

"Mama Zabibu, achia."

"Na yale mekundu, Sista?"

"Yameingia kwenye mashine."

"Na kwenye mashine ni mekundu?"

"Kwenye mashine hakuna nyekundu wala kijani. Achia, wenzio wanasubiri."

Nikaachia. Kwa fulana moja mtu anakuwa hivi!

5 Oktoba

Kila mama amepewa maneno kumi na mawili. Ndiyo ufunguo wa mtoto wake. Asimwambie mtu, hata mume.

Kufika jana jioni wanawake wote wa kisimani walikuwa wanajua maneno ya wote. Wanalinganisha nani kapata mazuri. Dominika kapata "lulu" na "bustani", anatembea shingo juu. Pili analalamika: "Mie Mwislamu mzima, nimepangiwa nguruwe! Kila nikitaka kumtibu mwanangu nianze na nguruwe?"

Ya kwangu siyaandiki humu. Ila nimeyafanya wimbo wa kumuogeshea Zabibu, nayaimba kwa sauti ya chini, yeye anapiga maji kwa viganja. Likifika neno la saba anacheka kabla sijalitamka.

9 Oktoba

Joto. Bomba halijatoa maji siku ya tatu.

15 Oktoba, Newala

Nimefika kwa mama. Hamudi amebaki Chiungutwa na mikorosho ya kwao. Hii ya huku ni ya ukoo wetu wa kike, bibi kamwachia mama, mama ataniachia mimi, kwa hiyo kuokota ni juu yangu. Nimeshika mguu wa mama, "Shikamoo mama," akaitikia "Marahaba," macho yako kwa mjukuu. "Mbona mwembamba? Huko Masasi mnakula nini, vumbi?"

19 Oktoba

Kuokota, kunyonga bibo, lile tunda, litoke, korosho kwenye ndoo. Zabibu kivulini kwenye mkeka. Analia sana.

22 Oktoba

Analia mchana kutwa. Nimemwangalia mwilini, ana vipele vya joto shingoni na mgongoni. Nimemwambia mama, "Ni joto." Mama akanitazama kama mtu aliyetukana mbele ya wageni.

"Mtoto anadai jina," akasema.

24 Oktoba

Wamembadilisha jina. Mjomba Alfredi alikuja asubuhi, ndiye mwenye kauli kwenye ukoo. Akamwaga unga wa mtama chini ya mkorosho wa bibi mzaa mama, akasema bibi ndiye anayemliza mtoto maana tangu afe hakuna aliyepewa jina lake. Kuanzia leo mwanangu ni Somoe. Zabibu limezikwa pale pale na unga, na atakayelitaja anayarejesha maradhi.

Mimi nilisimama pale namwaza Zabibu wangu, jina nililochagua mwenyewe nikiwa na mimba, napenda kitu kitamu. Watu wazima watatu wanamwinamia mtoto mwenye vipele vya joto, wanamuuliza shida yake nini. Kuoga na upepo, basi! Lakini nani anamwambia mjomba?

Mchana ule ule upepo ukavuma, Somoe akalala mpaka alasiri. Mama akaniangalia. Nikachukua ndoo yangu.

2 Novemba

Kikohozi. Tumekwenda kituo cha afya hapa Newala, na wao wana mashine ya mnyororo wao. Karani akauliza jina, mama akawahi kabla yangu: "Somoe Hamudi. Hana jina lingine." Nikampangusa mtoto makamasi. Karani akafungua ukurasa mpya, akaniambia niweke maneno kumi na mawili. Nikaweka yale yale ya Masasi, nisije nikawa na nyimbo mbili za kuogeshea mtoto mmoja. Hakuna aliyeniuliza. Dawa ya maji, kijiko kimoja mara tatu.

10 Novemba

Magunia mawili. Mgongo.

11 Novemba

Mgongo.

21 Novemba

Reginald amepita huku juu kukagua mashine za Newala. Viatu sasa vimekuwa na rangi ya chai. Alinikuta njiani na ndoo kichwani, akasema, "Mama, kivuko kinafanya kazi vizuri mno. Hata mdudu hapiti." Nikamuuliza na mtoto anapita? Akacheka, akadhani natania.

30 Novemba

Mvua ya kwanza, saa tisa alasiri. Korosho zilikuwa zimeanikwa. Tulikimbia wote, mimi na mama na mjomba Alfredi aliyekuwa amekuja kunywa tu uraka, pombe ya mabibo, tukakunja mikeka ikiwa inachuruzika. Nusu gunia zimelowa. Somoe alikaa mlangoni anapokea mvua kwa ulimi. Ana meno sita sasa. Ameniita "mama" kwa mara ya kwanza bila kutaka kitu.

7 Desemba

Kikohozi kimerudi.

12 Desemba

Jana sitaisahau.

Asubuhi mtoto alikuwa wa moto, mbavu zinaingia ndani akivuta pumzi. Mjomba akatupakia mama na mimi na mtoto kwenye bodaboda ya jirani, saa nane tuko kituoni. Tabibu Lucian, mtu mpole, akamsikiliza kifua, malaria hakuna, akasema nimonia, sindano sasa hivi. Akachukua kichupa chenye unga mweupe, akatia maji, akatikisa.

Nikauona ule unga.

"Tabibu, subiri. Mwezi wa sita alichomwa sindano akavimba, alitaka kufa."

"Sindano gani?"

"Ilikuwa unga mweupe."

"Mama, dawa nyingi za sindano ni unga mweupe. Jina?"

Sikulijua. Nimeishia darasa la saba. Jina lile lilikuwa refu, la Kizungu, kwa wino mwekundu, na nilijua lipo kwenye kadi, ya nini kulikariri? Nilikariri "nyekundu".

"Kadi iko wapi?"

"Mmechukua."

"Sisi?"

"Wa Masasi. Iko kwenye mashine."

Akaweka kichupa chini, akavuta mashine. Somoe Hamudi. Nikasema maneno yangu yote kumi na mawili, kwa mpangilio, nikiwa nayaimba maana bila kuimba hayatoki. Kivuko kikajibu kwamba Masasi hakuna mtoto huyo. Akajaribu tena. Hakuna.

Hapo nikajua. Mama alikuwa pembeni yangu, na yeye akajua, akanishika mkono. "Usilitaje," akasema. "Ziada, usilitaje, mtoto yuko kwenye hali mbaya."

Nikalitaja. "Zabibu. Andika Zabibu Hamudi."

Mama akaziba masikio. Tabibu akaandika. Mashine ikafikiri. Mimi moyoni nasema ewe bibi, kama una hasira shughulika na mimi, muache huyu. Halafu kioo kikawa na maandishi, Tabibu akayasoma mara mbili, akaona aibu kuniangalia.

"Inasema mwenye maneno haya hapa Newala ni Somoe, siyo Zabibu. Inasema ni mtu asiyeruhusiwa. Imefunga."

"Ifungue."

"Siwezi. Hata mimi siwezi. Ndivyo ilivyotengenezwa."

Nilimkumbatia mwanangu, mbavu zinaingia zinatoka. Jina lake la kwanza limezikwa na unga, la pili halijulikani Masasi, na dawa iko pale mezani imeshachanganywa, inaweza kuwa uzima, inaweza kuwa ile ile. Tabibu akasema zipo nyingine za kujaribu, lakini nazo ni unga mweupe, na bila kujua ipi ilimdhuru naye anaogopa. Nikampigia Perpetua. Simu imezimwa. Nikampigia Hamudi, nikamwambia kimbia kwa Sista, usirudi bila yeye. Dakika arobaini. Nilizihesabu kwa pumzi za mtoto.

Hamudi alimkuta shambani kwake, chini ya mkorosho, anaokota. Desemba hii nani yuko nyumbani? Akamwekea simu mdomoni. Nikasikia sauti ile ya upupu:

"Penisilini! Mwambie tabibu ni penisilini, asithubutu! Nilimshika mwenyewe mtoto yule, nikasema anafia mikononi mwangu. Si nimeandika kwa wino mwekundu? Nani kaficha kadi?"

"Ninyi, Sista."

Nikasikia majani makavu yanavunjika, nadhani alikaa chini.

Tabibu Lucian akakimwaga kile kichupa kwenye beseni. Ilikuwa penisilini. Akachukua dawa nyingine.

13 Desemba

Amelala vizuri. Homa imeshuka. Mama hajasema kitu juu ya kulitaja jina, ila ananiletea uji wa kwanza kabla ya mjomba.

15 Desemba

Amekula. Ameuma kidole cha Tabibu Lucian.

18 Desemba, Masasi mjini

Leo kulikuwa na kikao cha mrejesho wa utafiti, ukumbini. Wameita akina mama wa pande zote mbili, mimi nimeteremka na mtoto mgongoni. Nilikuja nimejiandaa kueleza yaliyonipata, nikiamini hawajui. Watu waliosoma vile, nikasema, wakijua watasikitika.

Mbele alikaa mkubwa wake Reginald, Dokta Fortunatus, na wageni wanaoandika kila kitu. Reginald viatu vipya, vyeupe. Akawasha picha ukutani.

"Kivuko chetu kimevusha taarifa mia mbili na zaidi bila kosa," akasema. "Lakini furaha yetu kubwa ni kwamba tumepata shambulio moja la kweli. Moja! Tarehe kumi na moja Desemba, alasiri, upande wa Newala. Mtu alikuwa na maneno yote kumi na mawili sahihi, tunadhani aliyaiba. Alijaribu kuingia kwa majina mawili tofauti. Mara tatu. Kivuko kilimtambua na kumfungia nje."

Wakapiga makofi. Wageni wanaandika. Pili, jirani yangu, naye anapiga makofi, hajui, masikini. Sista Perpetua alikuwa na mikono juu tayari kupiga, ikabaki hewani.

Nikasimama.

"Shikamooni wazee. Mimi naitwa Ziada. Mshambuliaji huyu hapa."

Nikamgeuza mtoto mbele wamwone. Akawaangalia wote, akapiga chafya.

"Ana miezi kumi na minne. Meno sita. Siku hiyo alikuwa na nimonia. Maneno hakuiba, yanaimbwa akiogeshwa."

Hakuna aliyecheka. Dokta Fortunatus akajisogeza kwenye kiti. "Mama, pole sana. Ila kwa upande wa usalama, mfumo ulifanya kazi sahihi."

"Mlango uliomfungia mwenye nyumba nje na mvua inanyesha, nao ni imara," nikasema. "Mwenye nyumba ausifu?"

Reginald akageuka kutoka kwenye picha. "Lakini majina mawili, mama? Kwa nini mtoto mmoja awe na majina mawili?"

"Amebadilishwa. Alikuwa analia."

"Huku watoto hubadilishwa majina?"

Ndipo ukumbi ukacheka, ukacheka mpaka mzee mmoja akajifuta macho kwa kofia. Nusu ya waliokaa mle walizaliwa na jina moja wamekaa na lingine. Wengine wana la kuzaliwa, la jandoni na la kanisani, na la mjomba akikasirika. Miezi mitatu amekula ugali wetu, amejifunza namna wezi wa dunia nzima wanavyovunja vivuko, na hajamuuliza hata bibi mmoja mtoto wake anaitwaje na zamani aliitwaje.

"Hukuuliza, mwanangu," Sista Perpetua akamwambia, amesimama na fulana yake ya mradi. "Na mimi sikukwambia. Kadi nilizikusanya mimi." Akaketi. Nilimdharau tangu Oktoba mtu yule. Leo nimeona haya kidogo, kidogo tu, maana kadi kweli alizikusanya.

Nikasema ninachotaka ni vitu viwili. Kadi yangu yenye nyekundu, leo. Na neno shambulio lifutwe kwa mwanangu.

Kadi zitarudi, Dokta akakubali upesi. La pili, Reginald akainamisha kichwa.

"Halifutiki, mama. Hata mimi siwezi. Mnyororo hauna kufuta."

Huyo ndiye msomi wetu. Katengeneza daftari asiloweza kusahihisha, halafu analiita salama.

20 Desemba, Newala

Reginald amekuja mwenyewe huku juu, kwa bodaboda, mashine mapajani, mvua imemnyeshea. Soda mkononi ya kunipa. Nimeipokea, siyo kosa la soda. Sista Perpetua amepanda naye na boksi la kadi. Yangu ninayo hapa kifuani, nyekundu haijafifia. Nimemwomba Tabibu Lucian anisomee jina lile mpaka nilikariri, sasa najua hata kuliandika: penisilini. Penisilini. Penisilini. Miezi sita nilibeba rangi badala ya neno, na hilo la kudharau ni langu, simsingizii mtu.

Kijana anasema usiku hajalala, amewaza. Anataka mahali pa kuandika majina yote ya mtoto, la kwanza hadi la mwisho, na onyo la dawa lionekane kwa tabibu yeyote hata kivuko kikifunga. Anasema itachukua muda. Anaandika anachoambiwa na mama yangu kuhusu majina, na mama anamfokea, "Polepole, unaruka!" Nikimwangalia naona siyo mtu mbaya. Ni mtu aliyefundishwa kuogopa wezi tu, wagonjwa hakufundishwa. Sijui kama anaponyeka, ila amekuja.

Nikamuuliza, hilo neno halifutiki, lakini mtu anaweza kuandika chini yake?

Akaniangalia. "Chini yake ndiyo. Kuongeza unaweza siku zote."

"Na nitakachoongeza mimi hakitafutika vilevile?"

"Hakitafutika."

Basi, nikamwambia, fungua. Nitataja mimi, wewe utaandika, usiruke. Ameingia ndani kuwasha mashine, mimi nimekaa benchi la nje hapa kituoni na Somoe mapajani, napanga maneno humu kwanza nisije nikababaika mbele ya kioo. Nitasema hivi: Tarehe kumi na moja Desemba hakuja mwizi hapa. Alikuja Somoe, ambaye ni yule yule Zabibu, binti wa Ziada na Hamudi, pumzi zinampaa, na mama yake alikuwa na maneno yote kumi na mawili, na ninyi mliokuwa mnalinda mlango mkamfungia— haya, naitwa, Sista anasema imefunguka na kijana ameshaweka vidole, nije upesi kabla haijajifunga tena.